Msisubiri Hela ya Pilau

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja kibandani kwangu hapa Bagamoyo, mtoto wa miezi saba mgongoni, kitambaa cha satini mkononi. Mimi ni fundi cherehani, na gauni za ubatizo na za komunyo ya kwanza ndizo zinazonipa riziki. Nikampima mtoto kifua na urefu, nikaandika kwenye daftari, kisha nikauliza anabatizwa lini.

"Bado, dada. Tunasubiri Desemba, baba yake mkubwa atakuja na hela ya sherehe. Ila mshonee kubwa kidogo, asije akakua ikambana."

Nikaweka tepu chini, nikamwambia avute kigoda akae, maana alikuwa amegusa kidonda changu. Niliyomweleza siku ile ndiyo haya, na nayaandika kwa sababu najua hayuko peke yake.

Mimi na mume wangu nasi tulisubiri. Mtoto wetu wa kwanza alibatizwa akiwa na miaka mitatu na nusu, akatembea kwa miguu yake mpaka kwenye kisima cha ubatizo. Si kwamba tulikuwa na mashaka na imani. Tulikuwa tunasubiri mbuzi wawili, turubai, viti vya kukodi na muziki. Kila tukikusanya, hela inapata kazi nyingine: kodi, ada, msiba. Sheria ya Kanisa Katoliki inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza tangu kuzaliwa. Majuma! Sisi tukahesabu miaka.

Wa pili alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Usiku wa pili muuguzi akatuambia tujiandae kwa lolote. Nilikuwa kitandani, siwezi kunyanyuka. Aliyekuwa ananiuguza ni shangazi yake mume wangu, mama wa Kilutheri kutoka Muheza. Akaniinamia, akauliza, "Mwanangu, mtoto ana jina?" Nikamtajia. "Nimbatize?" Sauti haikutoka, nikaitikia kwa kichwa.

Akamwomba muuguzi ruhusa, akanawa mikono. Akatia maji ya kunywa kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akakishika kifuniko viganjani mpaka ubaridi wa maji ukapungua. Halafu akayamimina kidogo kidogo, mara tatu, pale kwenye utosi unaodunda, huku akitaja jina na kusema: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mtoto akakunja uso. Tone moja likateremka hadi nyuma ya sikio, shangazi akalifuta kwa pindo la khanga yake. Haikutimia hata dakika moja, na ni jambo lile lile ambalo kaka yake tulimcheleweshea miaka mitatu na nusu.

Mtoto yule Mungu alimwacha nasi. Leo anapanda miembe.

Tangu siku hiyo kila mama mjamzito anayekuja kushona kwangu namfundisha maneno yale, naye namwambia amfundishe mumewe. Padre ndiye mbatizaji wa kawaida, pamoja na shemasi na askofu, lakini penye hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiyebatizwa mwenyewe, mradi anakusudia kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Maji yawe maji kweli, ya bomba, ya kisima, ya mvua, hata ya bahari. Anayemimina awe ndiye anayesema, na aseme wakati maji yanateremka. Baadaye andikeni tarehe, mahali, aliyebatiza na aliyeshuhudia, mpeleke taarifa parokiani. Watu wengi huisahau hatua hii, kisha mtoto anafika umri wa kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani, au wa ndoa, cheti hakuna, na wazee waliokuwepo wameshatangulia mbele ya haki.

Tulipompeleka wetu kanisani, paroko, yaani padre wa parokia, alituuliza mambo mawili tu: shangazi alimimina nini, na alisema maneno gani. Tulipomweleza, akasema mtoto ameshabatizwa na habatizwi tena, kwa kuwa ubatizo haurudiwi. Alipakwa krisma, yale mafuta matakatifu, akavikwa nguo nyeupe, mshumaa wake ukawashwa kutoka kwenye mshumaa wa Pasaka, jina likaingia kitabuni. Kwamba aliyebatiza ni Mlutheri hakukuwa tatizo. Mume wangu pia alibatizwa kwa Walutheri, na hakuna aliyemwambia akabatizwe upya.

Mdogo wangu ni Mpentekoste. Yeye alibatizwa mtu mzima, baharini hapa hapa, alfajiri maji yalipojaa, na mimi nilisimama ufukweni nimemshikia shati kavu. Kwao mtu lazima aamini kwanza kwa akili yake, ndipo azamishwe mwili mzima. Kuhusu watoto wachanga hatukubaliani na sidhani tutakubaliana. Ila nilipomwona anazama kabisa, kisha anaibuka anahema, nilikielewa kile Paulo anachowaandikia Warumi katika sura ya sita, kwamba tulizikwa pamoja na Kristo kwa ubatizo ili tufufuke naye. Kwenye matone matatu ya shangazi lilikuwepo kaburi hilo hilo. Sikuwa nimelifikiria.

Na Wagalatia wanaambiwa: "Maana ninyi nyote mliobatizwa katika Kristo mmemvaa Kristo." Kwa fundi wa nguo maneno haya ni mazito. Nguo ndiyo kitu cha kwanza kinachomtambulisha mtu barabarani. Hapa Bagamoyo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, na watu wa kwanza waliokaa nao misheni wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani kwa fedha. Mtoto aliyekuwa amepangiwa bei anamwagiwa maji, anaitwa kwa jina lake, anaambiwa wewe ni mwana. Kila nikipita ile njia ya miembe inayotoka baharini kwenda misheni nawakumbuka. Hapo ndipo ninapoona aibu kwamba sisi, tuliozaliwa huru, tulimzuilia mwana wetu jambo lile kwa ajili ya turubai.

Kuhusu wasimamizi nitasema kwa ufupi, kwani hapa nilikosea. Baba wa ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza tulimchagua kwa kuwa ana gari na mkono wazi. Alitoa zawadi nzuri siku ile, na tangu hapo hatujamwona. Wa pili tulimpa mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa, anayeuza mihogo. Huyu anamjua mtoto anaposoma, anamuuliza kama amesali, na Jumapili mvua ikinyesha anampitia na mwavuli. Kanisa linataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, amepata kipaimara na Ekaristi, yaani komunyo, na anaishi imani yake. Baba au mama mzazi haruhusiwi. Mmoja anatosha, na wakiwa wawili wawe mwanamume na mwanamke. Kuhusu mfuko wake hakuna kilichoandikwa.

Sasa Ekaristi, na hapa ndipo palinitoa machozi mengi kuliko kote.

Miaka tisa sikupokea komunyo, kwa kuwa tuliishi bila ndoa ya kanisani. Posa ilikuja nyumbani, mahari ikatolewa, wazee wakala, tukaanza kuishi pamoja. Ndoa ya kanisani tukaiweka kiporo mpaka ipatikane hela ya harusi. Ugonjwa ule ule. Kila Jumapili wakati wa komunyo ukifika, watu wa benchi lako wanasimama, na wewe unakunja magoti pembeni wapite. Unaangalia viatu vyao. Wanarudi wameinamisha vichwa, unakunja tena. Mwaka wa kwanza inauma, kufikia wa nne umeshazoea, na mazoea hayo ndiyo niliyokuja kuyaogopa zaidi. Unaanza kuona meza ile ni ya wengine, wewe ni mtu wa kuja kuimba na kutoa sadaka.

Aliyeniamsha ni yule mwanangu wa kwanza. Alikuwa anahudhuria mafundisho ya komunyo ya kwanza, na katekista amewafundisha sura ya sita ya Yohane, pale Yesu anaposema asiyeula mwili wake na kuinywa damu yake hana uzima ndani yake. Akanikuta nakata kitambaa. "Mama, mbona wewe huendi kula?" Mkasi ukasimama. Nilishona mamia ya gauni za watoto wa wenzangu waende mezani, na jibu la kumpa wangu sikuwa nalo.

Wiki ile ile tukaenda kwa paroko. Nilitegemea kukaripiwa, nikavutiwa kiti. Kwa kuwa mume wangu ni Mlutheri iliombwa ruhusa ya askofu. Tukapata mafundisho ya ndoa, tukatangazwa Jumapili tatu, mimi nikaungama, na Jumamosi moja saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukafunga ndoa kwenye misa ya kawaida, mashahidi wawili, na shangazi wa Muheza amekaa benchi la mbele na kitenge chake kipya. Gauni nililishona mwenyewe kwa pamba. Baada ya misa tulikunywa chai na maandazi nyumbani, na majirani zetu Waislamu walikuja na sinia la vitumbua ambalo hatukuliagiza.

Nilipofika mbele ya padre nilikuwa nimesahau kuweka mikono, wa kushoto juu ya wa kulia. "Mwili wa Kristo." Nikasema Amina, na hostia ile nyepesi, unga wa ngano na maji, ikanilainikia ulimini. Sikuona maono. Nilijisikia tu kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta sahani yake imefunikwa.

Mume wangu siku ile hakupokea, na mpaka leo hatupokei pamoja. Yeye huenda Chakula cha Bwana kwao. Hilo linaniuma na sitalificha, kwa hiyo msomaji anayeingia ndoa mseto ajue mapema kwamba makanisa yetu yanaheshimiana ubatizo ila meza bado ni mbili. Tunaombea jambo hilo kila usiku.

Wewe uliyeko benchini, ukiwa huna kizuizi kingine zaidi ya harusi ambayo hujaweza kuilipia, nenda ofisini kwa paroko wiki hii. Misa ya ndoa haidai ukumbi. Na kama mna mtoto, msimfiche kwa kuogopa kuulizwa kuhusu ndoa yenu. Paroko anatafuta tumaini kwamba mtoto atalelewa katika imani. Wetu wa kwanza alibatizwa kabla hatujafunga.

Kwa mama wa watoto wa komunyo ya kwanza: leteni kitambaa cha bei mnayoiweza. Nitaacha pindo nene, mdogo wake alivae. Usiku wa kuamkia siku hiyo msiumalizie saluni. Mkamsindikize mtoto akaungame, mkumbusheni kufunga saa moja kabla ya kupokea, na nanyi mkaungame.

Yule dada aliondoka bila kusema mengi. Kesho yake akarudi, akaniambia mwenyekiti wa jumuiya ameshawaandikia barua ya ubatizo, kwa hiyo nimshonee mtoto saizi yake ya leo. Kitambaa kikabaki, nikakitolea na kofia.

Jumapili jioni alinipitia na sahani ya wali na maharage iliyofunikwa kwa kawa. Mtoto alikuwa amelala begani. Kofia na ukosi wa gauni vilikuwa na doa la mafuta, krisma ilikuwa imeteremka kutoka utosini. Akauliza doa hilo linatoka kwa sabuni gani. Nikamwambia aliache.