Ukitafuta gari la umeme, ulizia betri kwanza

Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 ilipopimwa Japani mwaka 2017 iliandikiwa kilomita 400 kwa chaji moja. Marekani wakaipima hiyo hiyo wakaiandikia 243. Betri haikubadilika, kilichobadilika ni kipimo: kile cha Japani, JC08, kilikuwa cha mwendo wa taratibu, bila kasi ya barabara kuu. Sasa, magari mengi ya umeme yaliyotumika yanayoshushwa hapa Mombasa yanatoka Japani. Mwenye yadi akikutajia 400 si lazima awe anakudanganya, ndivyo karatasi yake inavyosema. Wewe shika ile 243, kisha uipunguze kulingana na uchovu wa betri.

Na uchovu huo unapimika. Katika Leaf za kizazi cha kwanza, ukingoni mwa dashibodi upande wa kulia kuna vipande vidogo 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Kipande cha kwanza hakipotei mpaka betri ishuke kufikia karibu asilimia 85, kwa hiyo hata vipande vyote 12 havimaanishi betri mpya. Tena mtu mwenye kifaa anaweza kuvirudisha vyote kwa muda ili auze. Mimi ninapomsindikiza ndugu au jirani kwenda kuangalia gari, nabeba kile kidude cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, nafungua programu ya LeafSpy kwenye simu na kusoma asilimia ya uzima, hali ya kila seli (vile vibetri vidogo vinavyounda betri nzima), na idadi ya mara ambazo gari limechajiwa kwa chaja ya kasi. Seli moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hapo pana ugonjwa. Muuzaji akikataa usichomeke, ondoka.

Tufanye hesabu. Leaf ya 40 ambayo betri yake imebaki asilimia 85 itakupa kama kilomita 205. Kwa mtu anayekaa Mtwapa na kufanya kazi Mombasa mjini hizo ni nyingi, atachaji usiku kwenye soketi ya kawaida na maisha yaendelee. Kwa safari ya Nairobi mambo ni mengine kabisa. Ni karibu kilomita 480, na ni kupanda: kutoka usawa wa bahari hadi takriban mita 1,700. Kuliinua tu gari la namna hii likiwa na watu wawili kimo hicho hula karibu kilowati-saa 8, mbali na umeme wa kulisogeza mbele. Ukishuka kurudi pwani sehemu yake hujirudisha kwenye betri, ila si yote. Ongeza na mguu wako: ukikimbia 110 badala ya 80, upinzani wa hewa unakaribia kuwa maradufu. Nikiwa barabara hiyo naendesha 80 na malori yanipite yakitaka.

Jambo linalotuhusu zaidi watu wa pwani ni joto. Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, inategemea hewa tu. Ukiichaji kwa kasi mara mbili mchana wa Januari, betri huchemka na gari lenyewe hupunguza kasi ya chaji. Joto likikutana na chaji iliyojaa ndipo betri inapozeeka haraka. Egesha kivulini, na kwa siku za kawaida ishia asilimia 80.

Kama mfuko unaruhusu, ningekushauri utafute gari lenye betri ya LFP, yaani ya chuma na fosfati. BYD Atto 3 ni mfano: kilowati-saa 60, betri inapozwa, na kipimo chake cha Ulaya ni kilomita 420. LFP ni nzito kuliko zile za nikeli na kobalti kwa umeme ule ule, na baridi kali huisumbua, lakini baridi hiyo sisi tunaisikia redioni. Inavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi, na kuijaza hadi 100 mara moja kwa wiki kunaisaidia kompyuta ya gari kujua chaji iliyobaki. Pia haina kobalti. Kobalti nyingi ya dunia hutoka Kongo, Kolwezi na kando yake, na watoto wameonekana wakiichimba kwa mikono. Mimi hilo linaniuma, na linaingia katika uamuzi wangu.

Usikae ukisubiri betri za ajabu zinazoahidiwa kila mwaka. Na usitoe pesa kabla ya kuliendesha gari hadi Mariakani na kurudi, AC ikiwa imewashwa. Ni kama kilomita 70. Leaf ya 40 yenye betri nzuri itatumia karibu theluthi ya chaji yake. Ikitumia nusu, mrudishie mwenye yadi funguo zake.