Kabla hujamwandika jemadari, mtafute aliyembebea mzigo

Juzi kijana mmoja wa Chamwino ameniandikia. Anasema babu wa babu yake alikuwamo kwenye vita vya Mjerumani, ile Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, anataka kuandika habari zake, ila kila akitafuta anakutana na Lettow-Vorbeck tu, jemadari wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Aanzie wapi? Mdogo wangu, nakujibu hapa hadharani, kwa sababu kosa unaloliendea mimi nilishalifanya, na bado linaniuma.

Mwaka juzi niliandika makala ndefu juu ya huyohuyo Paul von Lettow-Vorbeck. Nilijivunia kazi ile. Nilieleza alivyowarudisha Waingereza baharini pale Tanga, Novemba 1914, na alivyowazungusha miaka minne bila kukamatika. Alipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, Ulaya walikuwa wameacha kupigana wiki mbili nzima. Machi 1919 akapita Berlin kwa gwaride, shujaa asiyeshindwa. Makala ikasomwa sana, nikaalikwa kuzungumza kwenye hafla moja hapa Dodoma mjini.

Nilikwenda na shangazi yangu, mkubwa wa wote waliobaki upande wa baba. Nilitaka amwone mtoto wa kaka yake akipigiwa makofi, na kweli yalipigwa. Tukiwa kwenye bajaji tunarudi, akanigeukia.

"Baba, umesema vizuri. Ila babu yetu umemweka wapi?"

Nikamuuliza babu yupi.

"Aliyebeba risasi za huyo Mzungu wako, kutoka stesheni mpaka Kondoa."

Sikuwa najua. Tarehe za Tanga nilikuwa nazo kichwani, na za nyumbani kwetu sina.

Mwaka 1916 jeshi la Afrika Kusini chini ya van Deventer, lililopigana upande wa Mwingereza, lilikuwa limeishika Kondoa. Lettow akasogeza watu wake, wakaja kwa Reli ya Kati hadi Dodoma, kisha wakapanda kaskazini kwa miguu. Usiku wa Mei 9 wakashambulia, wakashindwa. Vitabuni jambo hilo ni aya moja. Kwetu ni mtu mzima aliyetolewa shambani, akatwishwa kasha kichwani. Mzigo wa mpagazi wakati ule ulikuwa kama kilo 27, na njia ya Kondoa ni zaidi ya kilomita 150. Shangazi anasema utosini mwa mzee yule palikuwa na duara lisiloota nywele hadi alipozikwa, na watoto walikuwa wakiligusa.

Alirudi nyumbani akakuta zizi tupu. Mjerumani alichukua ng'ombe na nafaka, na Dodoma ilipoangukia mikononi mwa Mwingereza, Julai 1916, naye akachukua. Vijana wa kulima walikuwa wamepelekwa kubeba. Kisha mvua ikakata. Ndiyo Mtunya, njaa ambayo Wagogo bado wanaitaja kwa sauti ya chini, ya 1917 hadi 1920. Inakadiriwa ilichukua watu 30,000 kati ya 150,000. Babu yetu alizika watoto wawili msimu mmoja. Uwele ambao wangekula ulikuwa umeliwa njiani, na walioula wakaandikwa mashujaa.

Niliandika upya. Nikapeleka kwa watu waliokuwa wanakusanya makala za historia, wakarudisha wamekata wapagazi wote, wamebakiza Tanga na Berlin. Wakasema msomaji anamtaka jemadari. Niliondoa makala yangu. Sijasahau, na sitajifanya nimesahau.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usianze na vita. Ukimuuliza mzee habari za vita atakupa alizosoma shuleni. Muulize alibeba nini, alikula nini, nani alibaki na watoto. Na waulize bibi zaidi ya babu, kwa maana wake wa askari nao walifuata msafara, wakapika, wakabeba, wakazaa njiani. Rudi tena. Mimi kwa shangazi nimerudi mara tisa, na habari ya duara la utosini ilitoka mara ya sita.

Ukifika Dar es Salaam kaitazame Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927. Juu amesimama askari na bunduki yake. Wapagazi, ambao maandishi yenyewe ya pale chini yanawaita miguu na mikono ya jeshi, hawapo pale juu. Kilichobaki kwao ni soko la Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi cha Mwingereza, Carrier Corps, na mamia wanapita pale kila asubuhi kununua vitunguu bila kujua wanawataja marehemu. Sisi wenye simu na kalamu tunafanya nini? Tunanakili sifa za jemadari yuleyule, ambaye kwao tayari ana waandishi wa kutosha. Ni aibu, na mimi nimo. Aliyebeba ana wajukuu tu. Wajukuu wakinyamaza, nani ataandika?

Jumamosi nakwenda Haneti. Kuna mzee huko anasema marehemu baba yake alipokezana kasha na mtu wa Dodoma mwenye duara utosini. Haneti iko wilayani kwako. Ukiweza, njoo na daftari.