Maua ya sukari kwa keki ya harusi ya Januari, hapa Lubumbashi

Mleta mada ana keki ya harusi ya ngazi tatu mwezi wa kwanza. Bibi harusi anataka waridi za sukari, na zile za majaribio alizofinyanga kwa fondanti zimelegea na kuinama ndani ya friji. Anauliza kama anunue seti kubwa ya vifaa, na kama inafaa kuanza mapema. Kazi hii naifanya mjini hapa kiangazi na wakati wa mvua, kwa hiyo nitaandika kirefu. Mwenye haraka aruke.

Mdogo wangu, mkono wako hauna kosa. Kosa ni la fondanti. Fondanti ya kufunikia keki ina glukosi na gliserini, na vimetiwa humo makusudi ili isikauke, kisu kipite vizuri hata baada ya siku kadhaa. Petali ya waridi unaitaka ikauke kabisa. Mwezi wa saba fondanti itakusitiri, maana hewa ya Lubumbashi wakati huo inapasua hata midomo. Mwezi wa kwanza haitakusitiri. Sukari kavu huvumilia mpaka unyevu wa hewa ukaribie asilimia 85 ndipo ianze kuvuta maji kwa nguvu. Ikiwa na glukosi ndani, huanza mapema zaidi. Na usiku wa mvua hapa kwetu, asilimia hiyo inafikiwa bila taabu.

Friji nayo imekumalizia. Ua likitoka kwenye baridi na kukutana na hewa ya sebuleni, linatoka jasho kama chupa ya bia ya Simba. Maua ya sukari hayaingii friji, hata dakika moja. Keki iingie peke yake kama vilivyojazwa ndani yake vinadai baridi.

Tengeneza donge la maua lenyewe. Kipimo changu ni ute wa yai moja, karibu gramu 30. Sukari ya unga gramu 200 hivi. CMC (unga wa kufanya donge lishike na kukauka) gramu 7, yaani vijiko viwili vya chai visivyo na kilima. Na kijiko kimoja cha chai cha mafuta meupe magumu ya mboga. Piga ute kidogo tu uvunjike, ongeza sukari polepole ukiacha konzi moja pembeni, koroga mpaka iwe nyeupe na laini. Nyunyiza CMC huku mkono wa pili ukikoroga, usiimwage sehemu moja, kwani inashika ghafla na kuacha mabonge. Hapo litakuwa linanata vibaya sana na utataka kulitupa. Usilitupe. Paka mafuta viganjani, kanda na ile sukari uliyobakiza, funga kwa plastiki mara mbili, lilaze friji mpaka kesho yake. (Donge bichi lililofungwa linaingia friji, ua lililokauka haliingii.) Asubuhi ukilivuta lisikatike haraka, linyooke kidogo kwanza.

Sukari ya kusaga nyumbani kwa blenda naiogopa. Chembe moja tu ikibaki, petali inachanika pale pale ulipoifanya nyembamba. Kama huna njia nyingine, saga, changanya na kijiko cha Maizena (wanga wa mahindi), kisha chekecha kwa kitambaa chepesi. CMC inapatikana kwa wanaouza vitu vya keki mjini, na mama wengi wanaopanda na kushuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wanaweza kukuletea kopo dogo. Ukikosa muda kabisa, kanda kijiko kimoja cha chai cha CMC ndani ya gramu 250 za fondanti. Itakauka kiasi, ila kwa Januari sikushauri.

Seti ya vipande hamsini usinunue. Nusu yake hutaigusa. Vya lazima ni vikatio viwili vya umbo la tone, kimoja kikubwa kuliko kingine; kijiti chenye kichwa cha mviringo; kipande cha sponji; waya namba 26 na 28 kwa petali na majani, namba 20 kwa shina la waridi (namba ikipanda waya inazidi kuwa nyembamba); na utepe wa kijani. Pa kukaushia, trei ya mayai inatosha. Kwa mishipa ya majani chukua jani la mlimau, lioshe, ukandamize upande wa chini. Usichukue lolote unalolikuta uani. Ule mmea wa maua ya rangi ya waridi unaopandwa sana kwenye nyua, laurier-rose, una sumu kila sehemu yake. Hiyo ni sababu mojawapo ninayowapa wateja wanaoniambia tuchomeke tu maua halisi kwenye keki.

Sasa waridi. Anza na koni ya donge, iwe fupi kidogo kuliko petali yenyewe, theluthi mbili hivi. Kunja ncha ya waya iwe ndoano, ilowanishe kidogo, ichomeke, acha mpaka kesho. Watu wengi wanaharibikiwa hapa: koni ikiwa bado laini, uzito wa petali unaivuta chini na ua zima linazunguka kwenye waya.

Sukuma donge mpaka ukiliweka juu ya gazeti uone herufi. Kata petali chache tu kwa wakati, nyingine zifunike, maana zinakauka ukiziangalia. Weka petali kwenye sponji, kichwa cha kijiti kikae nusu juu ya petali na nusu juu ya sponji, pitisha ukingoni bila kukandamiza. Ukingo utaanza kujikunja wenyewe. Chini, mahali pa kugundishia, pabaki panene. Petali ya kwanza iizungushie koni yote, na juu pasibaki tundu. Waridi yenye tundu katikati inajulikana kutoka mlangoni kwamba haikufungwa vizuri. Zifuate petali tatu, kila moja ikiingia chini ya mwenzake, kisha tano. Kwa kichipukizi ishia kwenye zile tatu. Safu za ndani zikauke zikining'inia kichwa chini. Safu ya nje ikae ndani ya trei ya mayai ili ibaki imefunguka. Gundi ni ute wa yai, kiasi cha kulowesha ncha ya brashi. Maji mengi yanayeyusha ulichokijenga.

Lakini ungekuwa mteja wangu ningekushawishi tupunguze waridi. Kila picha ya simu inayoletwa ina waridi. Zungumza na bibi harusi muweke bugenvilia: majani matatu membamba yenye rangi, yamekutana chini, na katikati kiua cheupe kidogo sana. Unayakata kwa kisu bila kikatio, na kwa kuwa bugenvilia halisi huwa imekunjamana, kasoro ya mkono haionekani. Waridi tatu kubwa, na bugenvilia ikishuka ngazi hadi ngazi: keki inajaa, na wewe unalala. Rangi ya unga ipake kwa brashi kavu baada ya ua kukauka, nzito karibu na kitovu, nyepesi ukingoni.

Kukausha wakati wa mvua ndiyo kazi yenyewe. Usikaushe jikoni, mvuke wa bukari (ugali) unatosha kuyalaza yote. Usiyaweke juu ya mbabula (jiko la makaa) pia: upande mmoja unakauka na kupasuka, mwingine unabaki mbichi, na masizi ya makaa hayafutiki. Ninatumia katoni kubwa yenye balbu ya zamani ya wati 60 inayotoa joto, mbali na maua, na mfuniko nusu wazi. Umeme ukikatika, funga mfuniko na utumbukize vile vipakiti vya kuzuia unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na mabegi, vikiwa kwenye bakuli lao. Maua yakishakauka hadi ndani, yahifadhi kwenye katoni hiyo hiyo gizani, kwa sababu mwanga unafifisha rangi ya waridi na ya zambarau. Kwa hiyo ndiyo, anza mapema. Anza mwezi wa kumi na mbili mwanzoni, utengeneze theluthi moja ya ziada. Yatavunjika, na barabara zetu unazijua.

Siku yenyewe maua yasafiri kwenye katoni yao, keki kwenye yake, uyapange ukumbini. Waya usiingie kwenye keki mtupu. Chomeka mrija kwanza, waya uingie ndani ya mrija. Kama keki ni ya krimu, mgongo wa ua upake chokoleti nyeupe iliyoyeyushwa na uiache igande, vinginevyo krimu italiyeyusha kabla maharusi hawajaingia. Halafu mtafute shangazi anayesimamia meza, umwambie wazi kwamba ndani kuna waya na watoto wasipewe.

Bei: hesabu kwa saa, na uiandike mbali na bei ya keki. Watakuambia ni sukari tu. Waonyeshe waridi moja mkononi, halafu uwaambie idadi ya petali. Asiyeelewa hapo muuzie keki yenye utepe, ni nzuri pia na inalipa.