Asilimia 1.6 kwenye karatasi ya dada

SWALI: Dada yangu, miaka 34, vali yake ya mitrali (mmoja wa milango ya moyo) iliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Anahema akitembea kidogo tu, na presha ya mapafu ni 60. Anaandaliwa kwenda kupasuliwa nje ya nchi, na kwenye karatasi wameandika "EuroSCORE II: 1.6%". Tuiamini? Msomaji, Kadutu, Bukavu

JIBU: EuroSCORE II ni fomula ya kukadiria hatari ya kufa kwa upasuaji wa moyo. Asilimia 1.6 maana yake, wagonjwa 1,000 wa hali kama yake wakipasuliwa, kama 16 hutarajiwa kufia hospitalini. Dada yako ataangukia upande gani, namba haijui.

Fomula hiyo ilitengenezwa kwa wagonjwa zaidi ya 22,000 waliopasuliwa mwaka 2010, wengi wao Ulaya. Umri, jinsia, mafigo, presha ya mapafu, nguvu ya moyo, haraka ya upasuaji: kila kimoja kina uzito wake, unajumlishwa, kisha jumla inageuzwa asilimia.

Panapokosewa sana ni kwenye mafigo. Nguvu yake ya kuchuja damu hukadiriwa hivi: unachukua 140, unatoa umri, unazidisha kwa kilo za mwili, kwa mwanamke unazidisha tena kwa 0.85, halafu unagawa kwa 72 mara kreatinini (taka ya damu ambayo mafigo huichuja). Tuseme kreatinini yake ni 0.9 na bila maji ya uvimbe ana kilo 54: inatoka 75, yaani mafigo yamepungua nguvu kidogo. Akipimwa miguu imevimba, ana kilo 62, inatoka 86. Mpaka ni 85, basi anahesabiwa mzima, na 1.6 inashuka kuwa 1.2. Maji ya ugonjwa yamempunguzia hatari kwenye karatasi! Angalieni pia kizio kinachotumiwa na maabara, maana hesabu hii inataka miligramu: 0.9 ya miligramu kwa desilita ni sawa na 80 ya mikromoli kwa lita.

Umri nao una kasoro yake. Chini ya miaka 60 wote huhesabiwa sawa, binti wa miaka 20 na mama wa 59. Kukonda na ini lililovimba, mambo tunayoyaona sana kwa wagonjwa wa vali huku kwetu, fomula haiyaulizi kabisa. Kwa hiyo sisi tungeichukua 1.6 kama sakafu: hatari yenyewe huenda iko juu zaidi.

Muulizeni daktari alitumia kilo zipi, na ekografi ya moyo ni ya lini. Ikiwa ni ya miezi sita nyuma, irudiwe kabla ya safari. Na akizidiwa akiwa anasubiri, hata apasuliwe kwa haraka bila kurudi nyumbani, hesabu hiyohiyo inapanda hadi 2.2.