Mfanyabiashara wa Kilwa Darasani

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia mkoani Lindi. Nakusudia kufundisha nikiwa nimevaa kama mfanyabiashara wa Kilwa wa karne ya 14, na kuwaonyesha wanafunzi vigae vya vyombo vya kale na sarafu halisi. Nizingatie nini?

JIBU: Mwalimu, mpango wako ni mzuri, ila vazi lichaguliwe kwa makini. Kanga isitumike, kwani ilienea pwani mwishoni mwa karne ya 19, ilhali Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331. Shuka nyeupe ya pamba na kilemba vinatosha. Hariri waachie masultani.

Hata hivyo, kitu halisi ndicho kitakachobeba somo. Sarafu ya shaba ya Kilwa ni ndogo, nayo ina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, yakiwa na vina kama ubeti wa shairi. Mpe mwanafunzi kioo cha kukuzia ajionee mwenyewe, bila kuigusa kwa vidole vitupu, kwa sababu jasho hula shaba.

Vigae usiviokote magofuni, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda. Waandikie Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, au wapeleke wanafunzi Kilwa Kisiwani kwenyewe. Mwishoni vua kilemba, ujibu maswali kama mwalimu, ili wajue ushahidi unaishia wapi na uigizaji unaanzia wapi.