Kanda, Leso na Sarafu: Utamwachia Nani?

Vitu alivyokusanya mtu maisha yake yote haviamuliwi siku ya mazishi. Huamuliwa baadaye, kati ya hitma na arobaini, wageni wakishapungua na watu wa nyumba wakaanza kufungua makabati. Hapo ndipo mmoja huuliza, "Na haya makaratasi je?" na mwengine akajibu, "Yatoeni nje kwanza, tutayaangalia kesho." Nimeyaona haya Mombasa kwenye nyumba nyingi, za jamaa zangu na za majirani. Nondo, kutu na unyevu wa pwani huharibu vitu, hilo nakubali. Lakini kinachoumaliza kabisa mkusanyiko ni mwenyewe kuondoka na habari zake zote kifuani.

Nawaandikia nyinyi mnaokusanya chochote kile: stempu, sarafu, leso (kanga), picha, tiketi za mechi, vitabu, saa mbovu. Mimi nakusanya kanda za taarab, na naandika kwa sababu nataka vitu vyetu vidumu kuliko sisi.

Marehemu ami yangu alikuwa mtu wa sarafu. Alikuwa na zile senti kumi zenye tundu katikati, na shilingi za Afrika Mashariki zenye simba mbele ya milima, zilizoanza kutumika 1921 zikaendelea mpaka Kenya ilipotoa shilingi yake 1966. Alikuwa pia na pesa chache za shaba za 1888, za kampuni ya Waingereza iliyokuja kutawala hapa kabla ya serikali yao, zenye jina la Mombasa na picha ya mizani. Alizijua moja moja. Hii aliipata kwa muuza samaki, ile ilitoka ardhini ulipokuwa ukichimbwa msingi wa nyumba Kibokoni. Ukikaa naye baada ya alasiri na kikombe cha kahawa tungu, angekusimulia mpaka magharibi. Ila hakuandika hata neno moja.

Alipofariki, zikagawanywa kwa idadi kama watu wanaogawana maembe. Fungu moja likaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akalipima kwa kilo. Mrithi mwengine alizisugua zake kwa ndimu na jivu mpaka zikang'aa, na alipozipeleka kwa mtu anayejua sarafu, akaambiwa kusugua huko ndiko kulikozishusha bei. Siwalaumu. Walipewa mfuko wa vyuma visivyo na maelezo, nao wakavitendea kama vyuma. Kama una sarafu nyumbani, basi tafadhali, usizisugue. Rangi ile nyeusi ya uzee ndiyo wanunuzi wanayoitaka. Zitenge moja moja kwenye bahasha ndogo za karatasi, na juu ya kila bahasha andika ulikoipata.

Sasa mtazame shangazi yangu, aliyekusanya leso. Yeye alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa za mistari, na kila leso ina mahali pake. Aliandika jina la leso, yaani maneno yake, kama lilivyochapwa, akaeleza rangi ya pindo na ya mji, yaani katikati yake, duka alilonunua, na siku aliyoivaa mara ya kwanza. Nakumbuka moja kwa sababu ilinifanya nilie: "Wema hauozi. Nyekundu na nyeusi. Biashara Street. Nilijifunga siku tuliyompeleka mama hospitali, na siku tuliyomrudisha." Leso yenyewe si ya ajabu. Jina hilo limechapwa mara nyingi, na pengine unayo kabatini kwako. Mistari ile minne ndiyo iliyoifanya isiwe ya kutupwa. Leo anayo binti wa binamu yangu, na anajua bibi yake mkubwa alipelekwa hospitali na akarudi.

Wengi hudhani leso nzuri ya kuhifadhi ni ya zamani sana. Mimi naona zile za matukio ndizo zitakazotafutwa mbele. Ile ya 2008 ya "Hongera Barack Obama", yenye maneno "Upendo na amani ametujalia Mungu", ilivaliwa ikafuliwa ikawa kitambaa cha jikoni katika nyumba nyingi. Kama yako bado ni doti nzima, vipande viwili vimeungana, haijakatwa wala kupindwa, iache hivyo hivyo. Angalia pia chapa ya mwenye kiwanda au duka iliyo karibu na maandishi. Zenye "Mali ya Abdulla", za duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza 1887, zinatambulika mara moja, na chapa kama hiyo humsaidia mtu wa baadaye kujua leso ilitoka wapi.

Kuhusu kuhifadhi nitasema machache, kwa kuwa hewa yetu ina chumvi na joto, na ushauri wa watu wa Nairobi haufanyi kazi hapa. Usiweke leso kwenye sanduku la chuma bila kitu katikati. Kutu itakula pindo, na alama yake haitoki. Tandika bafta, kitambaa chepesi cha pamba, nyeupe iliyofuliwa ikaisha wanga. Leso mpya ambayo haijaguswa na maji ina wanga mwingi, na wadudu wanaupenda. Ukiamua kuiacha isifuliwe, basi ikague mara kwa mara. Kila mwaka ikunjue na uikunje upya mahali pengine, maana leso hukatikia kwenye mkunjo ule ule wa siku zote. Karafuu zinanukia vizuri, lakini zitie kwenye kifuko, zisigusane na kitambaa, kwa sababu mafuta yake huacha doa. Na msimu wa mvua za masika ukifika, toa kila kitu ukutani. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji kimya kimya, nawe utaona ukungu ukiwa umechelewa.

Kwenye kanda ndipo moyo wangu ulipo, kwa hivyo mniwie radhi nikikaa hapo kidogo.

Taarab yetu ya Mombasa haikuhifadhiwa na studio kubwa. Sehemu yake kubwa iko kwenye kaseti zilizorekodiwa harusini, kinasa sauti kikiwa kimewekwa karibu na spika, kisha zikanakiliwa dukani na kuuzwa. Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale ilifanya kazi hiyo miaka mingi, na watu wa pwani nzima walizisikiliza kanda zake. Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma, sauti zao za usiku wa harusi zimo humo. Juma Bhalo alitutoka 2014. Nyimbo zake nyingi zilitungwa na Ahmad Nassir, mshairi na jamaa yake. Mtu akikupa kanda ya harusi ya Bhalo isiyo na jalada, amekupa usiku mmoja ambao pengine hauko pengine popote. Wimbo ule ule usiku mwengine aliuimba kwa namna nyengine, akarefusha ubeti, akawajibu waliokuwa wakimtunza pesa.

Chukua kanda moja mkononi uitazame. Juu yake, upande usio na mkanda, kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja kila pembe. Vivunje. Vikishavunjika, mashine haikubali kurekodi juu yake, na mjukuu hawezi kufuta harusi kwa kubonyeza kitufe. Kisha ielekeze kwenye mwanga, uangalie ukingo wa mkanda kupitia kidirisha. Ukiona vumbi jeupe kama unga, huo ni ukungu. Usiitie mashine, kwani utauhamishia kwenye kichwa cha mashine na kwenye kanda zote zitakazofuata. Angalia pia kipande kidogo cha sufi kilicho katikati, nyuma ya mkanda. Kikidondoka, sauti hufifia, na watu husema kanda imekufa kumbe inataka kipande kile tu kirudishwe. Andika jina kwenye kaseti yenyewe, si kwenye kasha, kwa sababu makasha hubadilishana. Zisimamishe wima, mbali na spika, maana sumaku yake inafuta.

Ukizinakili kwenye kompyuta, nakili mara moja kwa ubora wote, bila kubana faili, kisha tengeneza nakala ndogo za kutumia watu kwenye WhatsApp. Weka nakala kamili kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili. Na usitupe kanda ukishanakili. Mashine za kesho huenda zikasoma zaidi ya zetu.

Lakini hata faili safi haisemi bibi harusi alikuwa nani. Hilo lazima liandikwe na mtu anayejua. Tuna ushahidi wake hapa hapa mjini. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa ya zama za Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala, yangekuwa yamesahauliwa mengi kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingekaa na mmishonari W. E. Taylor akamsomea na kumfafanulia. Hayakuandikwa maneno matupu. Walitia pia maelezo: nani anajibiwa, vita gani vinatajwa, neno hili la zamani lina maana gani. Karatasi za Taylor ziliishia London, kwenye chuo cha SOAS, na mashairi yakachapwa 1940, miaka mia moja hivi baada ya Muyaka kufa. Linaniuma kidogo kwamba yametunzwa mbali na kwetu, Kuze na Mvita. Lakini bila maelezo ya Mwalimu Sikujua tungekuwa tunasoma mafumbo tusiyoweza kuyafumbua.

Sasa tuje kwenye nani atarithi, jambo ambalo watu wa kwetu hawapendi kuligusa. Kwa sisi Waislamu, mkusanyiko ni mali kama mali nyengine, na ukifa unaingia kwenye mirathi. Wasia hauvuki theluthi ya mali, na mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie. Kwa hivyo ukimwambia binti yako, "Hizi kanda ni zako nikifa," umempa maneno ambayo ndugu zake wanaweza kuyakataa mbele ya kadhi, na wana haki. Ukitaka mkusanyiko ubaki mzima mkononi mwa mtu mmoja, mpe kwa hiba ungali hai, umkabidhi kweli, mbele ya mashahidi, na uwatendee wengine uadilifu kwa kitu kingine ili kusizuke uhasama. Shangazi alifanya hivyo. Aliwaita mabinti wa ukoo mmoja mmoja, akawapa leso pamoja na ukurasa wa daftari. Alipofariki, sanduku lilikuwa tupu, na hakuna aliyegombana.

Njia nyengine ni wakfu, yaani kukitoa kitu kwa ajili ya Mungu kisiuzwe wala kurithiwa. Vitabu vingi vya zamani kwenye misikiti ya pwani vimeandikwa hivyo ukurasa wa mwanzo, na ndiyo sababu vimekaa. Na kuna makumbusho. Fort Jesus imekuwa makumbusho tangu 1960, na watu hudhani ukipeleka kitu chochote kitapokewa. Hakipokewi hivyo. Wataalamu watakuuliza kilitoka wapi, nani alikuwa nacho, na una nini cha kuthibitisha. Nenda na orodha yenye picha kabla hujabeba masanduku. Jua pia kwamba kwa sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa kabla ya 1895, mbali na vitabu na hati, ni cha kale mbele ya sheria, na hakitoki nchini bila kibali. Pesa za ami za 1888 zinaingia humo. Mtalii akikwambia atazinunua azitie mfukoni aondoke nazo, mwambie hapana.

Wenye makombe na makoa ya baharini wawe waangalifu zaidi. Ndani ya hifadhi za bahari haturuhusiwi kuokota, na pembe za ndovu hata za babu haziuzwi. Hizi usizifiche wala usiziuze gizani. Waulize Shirika la Huduma kwa Wanyamapori mapema, ukiwa bado unaweza kueleza zilikotoka.

Na wewe ambaye tayari umeachiwa, umekaa mbele ya kabati la mtu aliyekwisha kwenda, usipange kitu bado. Piga picha kila rafu kama ilivyo, kwa sababu mpangilio wake ulikuwa na maana kwake: kanda zilizokaa pamoja pengine ni za usiku mmoja, barua iliyo ndani ya kitabu inahusu kitabu hicho. Ukikuta karatasi ndogo ndani ya kasha, iache humo humo. Kisha, kabla ya kutafuta mashine ya kunakili, kabla hata ya kuuliza bei, watafute wale mabibi waliokuwa kwenye harusi hizo. Wapigie simu, waombe siku, uende na kanda moja na redio inayofanya kazi. Watakwambia nani anaimba, nani anapiga udi, yule anayecheka nyuma ni mke wa nani. Andika yote wakiwa wanasema, na uwaulize nani mwengine wa rika lao bado yu hai, uende kwake wiki hiyo hiyo.