Mwanangu, kabla hujatuma hela ya kujiunga

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Morogoro. Sisi wazima, na baba yako mguu umeanza kupata nafuu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema rafiki yako wa kazini anakualika kwenye biashara ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa huku unasajili watu chini yako, mpango wao wa malipo unaupita mshahara wako, na unauliza: "Mama, mbona wewe uliacha?" Sikukujibu kwa simu kwa sababu kuna jambo humu sijawahi kukusimulia.

Nilidumu humo mwaka mmoja na miezi miwili. Bidhaa zenyewe zilikuwa nzuri, hata dawa yao ya meno uliipenda. Kilichoniharibu ni ule mpango wa malipo.

Wetu ulikuwa wa miguu miwili. Kila unayemsajili unamweka kulia au kushoto, naye anapanga wa kwake chini yake. Kila mzigo unaonunuliwa una pointi, lakini bonasi inahesabiwa kwa mguu ulio dhaifu. Kuna mwezi kulia kwangu kulikuwa na pointi 900, maana aliyenisajili aliwashusha watu wake upande huo. Kushoto, kwenye jasho langu, kulikuwa na 120. Nikalipwa za 120. Basi kuanzia hapo nikawa natafuta mtu wa kushoto. Mteja wa dawa ya meno aliniachia shilingi elfu mbili, mtu wa kushoto aliniletea bonasi. Nilikuwa nimeingia nikitaka kuuza, mwanangu, na baada ya miezi mitatu nilikuwa siuzi tena. Nikikaa na jirani msibani, moyoni nilikuwa namhesabu.

Mtu wa kushoto niliyempata alikuwa mama yako mdogo. Alikuwa ametoka kupokea zamu yake ya mchezo, hela ya kuezekea. Nilimwambia bati zinaweza kusubiri miezi sita. Akanisikiliza kwa sababu mimi ni dada yake mkubwa.

Halafu kulikuwa na sharti la kuwa hai. Kila mwezi lazima ununue mzigo wa shilingi 180,000, la sivyo bonasi ya mwezi huo unaikosa. Ikifika tarehe 27, simu za apulaini, yaani wale walio juu yangu, zinaanza: "Mama, umeshafanya mzigo?" Nami nikikata simu nawapigia wa chini yangu kwa maneno yale yale. Nilinunua, nikasukuma maboksi chini ya kitanda. Mwisho wa mwaka wa kwanza nilichukua daftari lile la cherehani nikapiga hesabu. Mizigo ilinigharimu shilingi 2,160,000. Bonasi zote zilikuwa 1,460,000, na nilichouza kwa watu wa nje 410,000. Upungufu 290,000, na hapo sijaweka nauli wala viingilio vya semina. Lakini jukwaani nilipigiwa makofi, kwa sababu walisoma bonasi tu.

Rafiki yako atakuambia utapata kwa bidii yako. Bidii unayo, nakujua. Ila chukua kalamu: wewe sajili watano, kila mmoja asajili watano, uendelee hivyo. Ngazi ya kumi na moja ikijaa, chini yako wapo watu 61,035,155. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, vichanga wakiwemo. Mpango ambao malipo yake yanategemea usajili lazima wengi wake wawe ngazi za chini, ambako hakuna wa kumsajili tena, na hao ndio wanaonunua mzigo wa tarehe 27.

Baada ya kutoka nilisoma sana habari hizi, maana nilitaka kujua kama kosa lilikuwa langu. Marekani, mwaka 1979, tume yao ya biashara iliamua kuwa Amway, kampuni ya biashara ya mtandao, si upatu, yaani si mpango wa kulipana kwa kusajili watu tu. Sababu mojawapo ni kanuni zake: muuzaji auze angalau asilimia 70 ya alichonunua, awe na wateja kumi wa rejareja kila mwezi, na bidhaa zilizobaki mkononi mwake zinunuliwe kutoka kwake akiacha. Mwaka 2016 tume hiyo hiyo ilifikia makubaliano na Herbalife, kampuni nyingine ya aina hiyo. Kampuni ikalipa dola milioni 200, na ikatakiwa angalau theluthi mbili ya malipo ya wasambazaji itokane na mauzo ya rejareja yaliyothibitishwa. Mara zote mbili swali lilikuwa moja: hela ya bonasi imetoka kwa mlaji wa nje, au kwa mwanachama mwenzako anayetafuta kuwa hai?

Kwa hiyo picha za magari ziache. Muombe rafiki yako akuonyeshe mwezi mmoja tu: amenunua nini, amewauzia akina nani wasio wanachama, amebaki na nini mkononi. Muulize asiyesajili mtu hata mmoja anapata kiasi gani, na mzigo usiouzika unarudishwa wapi. Akikasirika, usigombane naye. Mimi pia nilikuwa nakasirika.

Mama yako mdogo aliezeka mwaka juzi. Hela yake nimemrudishia kidogo kidogo, kwa kushona sare za shule, na hajawahi hata siku moja kunikumbusha. Mpigie yeye kabla hujamjibu rafiki yako. Mimi nilikuwa juu yake, kuna mambo ya huko chini siwezi kukueleza.

Mama yako